Usiuze Shamba la Kahawa Ili Mtoto Akasomee Uendelevu wa Biashara

Leo sizungumzii chulebuni wala kutu ya majani. Nazungumzia ada ya chuo, kwa sababu nayo inatoka kwenye kahawa ile ile.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, mzee mmoja wa kata ninayofanyia kazi hapa Mbinga alinifuata ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bibi shamba. Leo nimekuja na jambo la nyumbani."

Akatoa bahasha. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea usimamizi wa biashara, na sehemu kubwa ya masomo ilihusu uendelevu, yaani jinsi kampuni inavyoweza kupata faida leo bila kuharibu ardhi, maji na watu ambao itawahitaji kesho. Mzee alikuwa ameshapata mteja wa nusu eka ya kahawa. Pesa zilikuwa zinamsubiri.

"Nataka uniambie kitu kimoja tu," akasema. "Hayo masomo ni kazi au ni maneno? Maana kutunza ardhi babu yangu alijua, na hakwenda chuo."

Nilimwomba siku tatu. Kilichofuata ndicho ninachokuandikia leo, kwa sababu tangu hapo nimeulizwa swali hilo na wazazi wengine, na wewe huenda unalo pia. Nitakupa maoni yangu. Ni yangu mimi, si ya mwajiri wangu.

Kwanza: ni kazi, si maneno

Mzee alikuwa sahihi kuhusu babu yake. Sisi tuliopo milima ya Wamatengo tunalima kwa ngoro. Unafyeka nyasi, unazipanga kwa miraba kwenye mteremko, unazifukia kwa udongo, unapanda maharage juu ya matuta, na katikati linabaki shimo la kupokea maji ya mvua. Nyasi zinaoza zinakuwa mbolea, na udongo haushuki mtoni. Mfumo huu una umri wa zaidi ya miaka 100, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuja kuusoma kwetu. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba uendelevu ulizaliwa darasani.

Lakini babu hakulazimika kumthibitishia mnunuzi aliyeko Hamburg kwamba shamba lake halikuwa msitu. Wewe unalazimika, au utalazimika karibuni. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria namba 2023/1115 inayohusu bidhaa saba: kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Sheria hiyo inataka mnunuzi aonyeshe kwamba kahawa haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Anatakiwa awe na alama ya ramani ya kila shamba ilikotoka. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja, na likizidi hapo unatakiwa mpaka wake wote. Kuanza kutumika kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakusubiri. Maswali yameshaanza kutufikia kwenye AMCOS.

Sasa jiulize: katika AMCOS yako, ni nani anayeweza kuchukua alama hizo, kuzipanga, kuzilinda zisiangukie mikononi mwa matapeli, na kumweleza mwanachama mwenye hofu ya kodi kwa nini shamba lake linapigwa picha? Karani wa mizani? Mimi mwenye vijiji vitano na pikipiki moja? Hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma, na mtu huyo akikosekana kwetu ataletwa kutoka mjini, halafu tutamlipa kwa kukatwa kwenye bei ya kahawa.

Mfano wa pili ni gesi. Kampuni kubwa siku hizi huhesabu gesi joto katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni moto na mafuta inayochoma yenyewe. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni kila kitu kinachotokea kwa wengine kwa ajili ya bidhaa yake, na humo ndimo lilimo shamba lako. Ukimwaga urea kiholela, sehemu yake inageuka kuwa gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto dunia karibu mara 270 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kuiona Mbinga anataka kujua kiasi cha mbolea unachoweka kwenye mti wako. Anajaza fungu lake la tatu. Usipokuwa na mtu wa kukuhesabia, atakuhesabia kwa makadirio, na makadirio ya mtu wa mbali mara chache humpendelea mkulima.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mzee lilikuwa hili: ni kazi, na itazidi kuwa kazi.

Pili: lakini yanavyofundishwa mara nyingi yana kasoro

Hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana mhitimu, mwenye adabu na bidii, akiwa na dodoso la kampuni. Nilimpeleka kwa wakulima. Swali la nne lilisema: "Sera ya mazingira ya shamba lako ni ipi?" Mama mwenye shamba alinyamaza. Kijana akaandika "Hakuna sera." Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na ngoro za maharage mteremko mzima, migomba ya kivuli juu ya kahawa, na rundo la samadi lililofunikwa majani. Yote hayo hayakuingia kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haikuyauliza, na yeye hakufundishwa kugeuka nyuma.

Simlaumu. Masomo haya yalianzia kwenye ofisi za kampuni, na bado yana harufu ya ofisi. Mwaka 1994 Mwingereza John Elkington alileta wazo kwamba biashara ipimwe kwa mizani tatu: pesa, watu na mazingira. Ni wazo zuri na mwanafunzi yeyote wa fani hii atalikuta muhula wa kwanza. Lakini mwaka 2018 Elkington mwenyewe aliandika kwamba anataka kulirudisha wazo lake kiwandani, kama kampuni ya magari inavyoyarudisha magari yenye hitilafu, kwa kuwa wengi walikuwa wameligeuza kuwa hesabu za kujaza taarifa badala ya kubadilisha biashara. Ikiwa mwenye wazo alisema hivyo, na sisi turuhusiwe kuuliza.

Hatari ninayoiona ni hii. Mtoto wa mkulima anatoka nyumbani akijua mto unapungua mwezi gani, miti gani inashika maji, na mwenyekiti gani hasomi mapato na matumizi mbele ya mkutano. Anakaa miaka mitatu akisoma ripoti za kampuni za vinywaji na simu. Anarudi anajua majina ya viwango vyote, lakini amesahau mto. Hapo mzazi amelipa ada ili mtoto apunguziwe ujuzi aliokuwa nao.

Najua kuna msomaji atasema, "Bibi shamba ana stashahada tu, anawaonea wivu wenye digrii." Nikujibu kweli. Kuna mwaka mradi mmoja ulitafuta mratibu wa wilaya. Nilikuwa nimeufanyia kazi mradi huo tangu kijiji cha kwanza. Tangazo lilitaka digrii. Nafasi ilikwenda kwa mwingine, na mimi nikapewa jukumu la kumzungusha vijijini ili ajifunze. Iliniuma, na sitaificha. Lakini nilipotulia niliona mambo mawili kwa pamoja: yeye alijua kuandika bajeti na kusoma mkataba wa mnunuzi kuliko mimi, na mimi nilijua kwa nini wakulima hawakuja mkutanoni siku ya gulio. Mradi ulihitaji vyote viwili na ulilipa kimoja. Kwa hiyo sisemi digrii haina maana. Nasema ya nusu nusu ni ghali.

Tatu: maswali matano kabla ya kulipa

Kama mtoto wako amepata nafasi, au wewe mwenyewe unataka kujiendeleza, uliza haya. Piga simu chuoni, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au nenda.

1. Anajifunza kupima nini? Maji, nishati, udongo, gharama, mishahara. Kozi isiyo na somo hata moja la kupima kitu kwa namba ina upungufu. Mwenye uendelevu asiyejua kusoma mizania ya hesabu atadanganywa na mhasibu, na asiyejua udongo atadanganywa na muuza mbolea.

2. Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na kwa wiki ngapi? Ukiambiwa "mwanafunzi anajitafutia mwenyewe," anza kumtafutia mapema kwenye chama cha ushirika, kiwanda cha kukoboa, au kampuni ya maji.

3. Sheria za nchi yetu zimo? Mtu anayesimamia mazingira ya biashara Tanzania bila kuijua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kazi za NEMC na tathmini ya athari kwa mazingira, ni sawa na dereva asiyejua alama za barabarani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wapo wafanyabiashara waliobaki na maghala yaliyojaa mali isiyouzika, na wapo waliokuwa wameshahamia kwenye mifuko mbadala. Tofauti yao ilikuwa kusoma alama mapema.

4. Ushirika umo? Vitabu vingi vya fani hii vinadhani biashara ni kampuni yenye wanahisa. Biashara ya kahawa hapa ni chama chenye wanachama. Wachagga waliunda KNCU mwaka 1933, na tangu mwaka 1995 msingi wa saba wa ushirika duniani unasema chama kifanye kazi kwa maendeleo endelevu ya jamii yake. Sisi tuna neno hilo katika misingi yetu miaka yote hii. Mwanafunzi asiyefundishwa hilo atakuja kutufundisha kitu tulichokwisha kuwa nacho.

5. Mhitimu wa miaka mitatu iliyopita anafanya nini leo? Tafuta wahitimu wawili watatu uongee nao. Picha za kwenye kipeperushi hazikuambii kitu.

Kwa digrii ya kwanza maoni yangu ni haya, na unaweza kuyakataa: achague fani yenye mikono. Kilimo biashara pale Sokoine, usimamizi wa ushirika au uhasibu pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, uhandisi, maji. Halafu uendelevu auongeze juu yake, kwa masomo ya kuchagua, kwa utafiti wa mwaka wa mwisho, au kwa shahada ya pili baadaye akiwa ameshafanya kazi. Jina "uendelevu" kwenye cheti ni kama kivuli cha migomba kwenye kahawa. Kinasaidia sana, lakini lazima chini yake kuwe na kahawa.

Nne: ardhi usiiguse

Sasa tuje kwenye ile nusu eka.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa mzee. Tulikaa, tukahesabu. Kwa nafasi ya kawaida ya kahawa ya zamani, futi 9 kwa futi 9, nusu eka ina miti kama 270. Tuseme ni miti inayotunzwa, inapogolewa na kulishwa, inatoa kilo moja ya kahawa ya maganda kwa mti. Hiyo ni kilo 270 kwa mwaka, na kilo 810 kwa miaka mitatu ya chuo. Bei ya msimu unaijua mwenyewe. Zidisha. Halafu linganisha na pesa aliyokuwa ametajiwa na mnunuzi wa shamba, na kumbuka kwamba mwaka wa nne miti bado ipo ila si yako.

Ukitaka kuianza upya mahali pengine, mche mpya unahitaji karibu miaka mitatu kabla haujakupa mavuno ya maana.

Mzee alitazama karatasi kwa muda mrefu. Mama watoto, aliyekuwa amenyamaza muda wote akichambua maharage, ndiye aliyesema: "Huyo mtoto anakwenda kusomea kutokula mbegu. Sisi tukila mbegu ili asome, atakuwa amesoma nini?"

Mimi sikuwa na la kuongeza, na leo pia sina. Ukiuza ardhi ili mtoto ajifunze biashara isiyokula mtaji wake wa kesho, umeshamfundisha kinyume kabla hajaingia darasani.

Walichofanya ni hiki, na unaweza kukiiga. Waliomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa wakati, wakiwa na nyaraka zote. Waliuza ng'ombe mmoja kwa ada ya kuanzia. Binti alikubali kozi ya kilimo biashara badala ya ile ya kwanza. Na shamba lile lile la nusu eka walilipa jina: "la chuo." Mavuno yake hayaguswi kwa jambo lingine. Kuhusu mkopo, mweleze mtoto tangu mwanzo kwamba ni deni: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe. Si zawadi, na hakuna aibu ndani yake.

Kama wewe ni mtumishi mwenye stashahada kama mimi, mambo ni mengine kidogo. Soma mwongozo wa TCU wa mwaka huo uone sifa za kujiunga, kwa kuwa wastani wa alama zako za stashahada ndio mlango. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Usiondoke kituoni kwa ahadi ya mdomo. Nimeona watumishi wenzangu wakirudi na cheti na kukuta jina halipo.

Tano: alichofanya huyo binti

Sasa yuko mwaka wa pili. Muhula uliopita walipewa zoezi: chagua biashara moja, eleza inavyotumia maji. Wenzake wengi walichukua ripoti za kampuni kubwa kwenye intaneti. Yeye alipokuja likizo alikwenda kwenye mtambo wetu wa kumenya kahawa, huu tunaouita CPU, akiwa na ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Alipima maji yanayoingia, akapima kahawa mbivu inayomenywa, akagawanya. Wazee walimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu karani alikuwa anamshikia ndoo.

Alichokionyesha kila mmoja wetu alikuwa anakijua nusu. Karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu ni maganda, na tulikuwa tunayaacha yaoze pembeni ya mfereji. Maji ya kuoshea yalikuwa yanapita mara moja tu na kwenda kijitoni yakiwa machachu na yananuka, na watu wa kijiji cha chini walikuwa wanalalamika kila msimu. Sisi tuliwaita wakorofi. Binti aliwaweka kwenye hesabu kama gharama: siku wakienda kushitaki, mtambo utafungwa katikati ya msimu, na kahawa mbivu haingoji.

Mkutano mkuu haukumpigia makofi. Wanachama walikataa tanki la kuzungushia maji kwa kuwa pesa haikuwepo. Walikubali mashimo mawili ya kuozeshea maganda, kwa nguvu zao wenyewe, na shimo la kuchujia maji kabla hayajafika kijitoni. La maganda limechimbwa moja. La pili bado, na nitaendelea kuwasumbua. Mboji ya shimo la kwanza wameigawana msimu huu, na wale waliokataa ndio waliokuja na magunia mapema zaidi.

Ninakueleza haya si kwa sababu kazi imekwisha. Ninakueleza kwa sababu hivi ndivyo masomo haya yanavyopaswa kuonekana yakifika kijijini: ndoo, saa, hesabu, na ujasiri wa kusimama mbele ya wazee kwa heshima. Nadharia aliipata chuoni. Kijito alikuwa nacho tangu utotoni. Chuo kingemwondolea kijito, tungepata ripoti nyingine tu ya "hakuna sera."

Nami mwezi uliopita nimepeleka barua yangu ya kuomba ruhusa ya masomo. Sijui itajibiwa vipi. Nikipata, nitakwenda nikiwa na maswali yale matano mfukoni, na mwalimu atanivumilia.

Ndugu msomaji, kama bahasha ya chuo imefika nyumbani kwako, ifungue kwa furaha, hesabu kwa kalamu, na mteja wa shamba mwambie aje kunywa chai tu. Mwenye swali anikute ofisi ya kata Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku nyingine nipo shambani.